Mlima Aliouchagua Yaya

Kambini tulimwita Yaya, sote, hata wanaume wa shimoni ambao watoto wao hakuwahi kuwabeba. Jina lake nalijua lakini sitalitaja. Nikimkumbuka huwa naona haya kwanza, kicheko kinafuata baadaye, na siku nyingine hakifuati kabisa.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake naziacha. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ukimwuliza kwao wapi, alinyoosha mkono upande wa Shinyanga, basi, kana kwamba Shinyanga nzima ni boma la kaka yake. Mimi nilikuwa mke wa dereva wa lori la mgodi wa dhahabu huko Geita, na kota yetu ilikuwa ya pili kutoka bombani. Kila aliyekuja kuchota maji nilimwona. Yaya alikuja asubuhi na jioni, maana maji ya nyumbani kwa wazungu alisema hayana ladha. Ladha aliyoitafuta ilikuwa mazungumzo, na sisi wanawake wa bombani tulikuwa nayo ya kutosha.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka. Gauni lake jeupe halikupata doa hata wakati wa mvua, na kwa Geita hilo si jambo dogo, kwani tope la kule ni jekundu na huingia mpaka kwenye unga. Alinukia sabuni ya Memsabu. Chai aliinywa kwenye kisahani, akiipuliza, kidole cha mwisho kimesimama. Aliwacheka makarani waliovaa tai juani, akisema wamejifunga kama mbuzi wa mnadani, halafu yeye akifika chumbani kwake anafunika ugali kwa kitambaa chenye shanga pembeni. Nilipomtania akanijibu, "Mama Kulwa, wale wamejifunga wenyewe. Mimi nimewafungia inzi nje."

Mtoto aliyemlea alikuwa wa kiume, mwana wa mhandisi mmoja wa mgodi. Alimbeba mgongoni kwa khanga mpaka miguu ya yule mtoto ikawa inampiga magotini. Alimpaka mafuta nywele zake za njano, akamkemea kwa Kisukuma, akamfundisha kupiga goti akimwamkia mtu mzima. Siku moja mkuu wa mgodi alikuwa anatoka klabuni kwao, mtoto akamkimbilia, akapiga goti kwenye changarawe na kusema shikamoo. Yule mzee hakujua kuitikia. Alidhani mtoto ameanguka, akamshika kwapani kumwinua, na mtoto akapiga goti tena kwa sababu marahaba yake ilikuwa haijaja. Yaya alitusimulia hilo akiwa amekasirika kweli. Kwake, mtu aliyeamkiwa asiitikie alikuwa ametukana.

Lakini kitu alichokichukia kuliko vyote ni uongo. Alikuwa na maneno yake aliyowaambia watoto wote, weupe na weusi: "Sema ulivyoona, siyo unavyotaka." Kulwa wangu alivunja mtungi akamsingizia mbuzi. Yaya alikuwa anapita na ndoo yake. Aliiweka chini, akamshika Kulwa mkono, akampeleka mpaka kwa mbuzi, akamwambia amwombe radhi. Mwanangu aliomba radhi kwa mbuzi huku majirani wanatazama. Tangu siku hiyo alikuwa akivunja kitu anakuja mwenyewe kuniambia, tena mbio, asije akakutana na Yaya njiani.

Watu wazima nao walimwogopa kwa namna hiyo hiyo. Wanawake wakigombana kuhusu nani alianza kumtukana mwenzake, ikisemekana Yaya alikuwapo, ugomvi ulikwisha, kwa sababu Yaya angesema alichoona na hakuna ambaye angembishia. Hata waume walimwita kuwa shahidi. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wake, hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na neno lake, na kambi nzima iliishi kana kwamba neno hilo ni la serikali.

Tena alikuwa mwoga, na uoga wake hakuuficha. Kwenye kivuko cha kwenda Mwanza alifumba macho mpaka lori lishuke upande wa pili. Nyuma ya hospitali ya mgodi palikuwa na mteremko ambao watoto waliushuka wakikimbia. Yaya, udongo ukilowa, aliushuka kwa makalio, gauni amelikusanya mapajani, akituambia tugeuke. Huyu ndiye aliyekuja kutufundisha habari za milima ya theluji.

Ilianza hivi. Wazungu wa mgodi walikuwa na likizo ndefu ya kwenda kwao. Bwana alitoka nchi tambarare, Memsabu alitoka nchi ya milima, na mwaka huo Memsabu alitaka waende milimani wakati wa baridi, wavae mbao ndefu miguuni na kushuka juu ya theluji. Siku moja alimwambia Yaya, kwa kile Kiswahili chao cha jikoni: "Yaya, sisi kwenda Ulaya, sisi kuteleza." Yaya akaja bombani bila ndoo.

"Tunakwenda Ulaya," akasema. "Kuteleza."

Bombani palikuwa na mke wa katekista, na jioni hiyo hiyo katekista mwenyewe alimwita Yaya kanisani. Nilikuwa nafagia, nikasikia kila kitu.

"Mama," katekista alisema kwa upole, "binadamu huteleza. Sote tunateleza. Lakini hatupangi. Mtu huteleza kwa bahati mbaya, halafu anatubu."

"Hawa wanapanga, Mwalimu. Wanapanga mwaka mzima. Wanatafuta mahali pazuri pa kuteleza na mwezi mzuri wa kuteleza."

"Na mke wake anajua?"

"Mke wake ndiye anayemvuta. Na mtoto naye atafundishwa."

Katekista alishika kichwa. Nilitoka na fagio langu nikaenda kucheka nyuma ya kanisa. Yaya ilibidi aweke miguu sambamba sakafuni na kumwonyesha jinsi mbao zinavyokwenda, ndipo mzee wa watu akapumua. Jumapili iliyofuata aliwaombea wasafiri, akachagua maneno kwa uangalifu mkubwa.

Kwa Bwana na Memsabu swali la wapi na lini liligeuka vita ya mezani. Walipanga vitabu vya picha katikati ya sahani, kila mmoja akivuta chake, na Yaya akiondoa vyombo alikuwa anatazama na kusikiliza. Jioni alituletea. Tulikuwa na mahali patatu pa kuchagua. Pa kwanza palikuwa juu kabisa, hakuna hata mti, theluji haikosekani mpaka Pasaka. Huko ndiko Bwana alikotaka, kwa kuwa mteremko wake ni mkali na marafiki zake walikuwa wamekwisha kwenda. Pa pili palikuwa mji wa hoteli na muziki. Pa tatu palikuwa kijiji kidogo, chini zaidi, chenye msitu, mteremko wa pole na farasi wanaovuta magari yasiyo na magurudumu.

Sisi tukagawanyika. Mke wa karani, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyetoka pwani, alichagua mji wa muziki. Mimi nilitaka kule juu, sijui kwa nini, labda kwa sababu mume wangu alipenda milima. Tulibishana kana kwamba mizigo yetu imefungwa. Wanaume waliotoka shimoni waliona ndoo zimejaa zinamwagika na wake zao wanabishana juu ya theluji.

"Ndama humpeleki kwenye malisho ya maksai," Yaya alisema. "Mtoto miguu yake bado. Tunakwenda kule kwenye mteremko mdogo."

Kuhusu mwezi pia alikuwa na elimu yake. Bwana alitaka Krismasi. Yaya alikataa, akasema wakati huo watu wanajaa na siku ni fupi, jua linakuja kuchungulia na kuondoka. Machi, pale chini, theluji inaoza mchana. "Seluji ina msimu wake kama dengu," alituambia, maana theluji hakuweza kuitamka. "Ukiwahi haijashika, ukichelewa imeharibika. Mwisho wa Januari ndiyo yenyewe." Haya yote aliyatoa kwa Memsabu, lakini alivyoyasema ungedhani amelima theluji miaka yote.

Ikafika jioni ambayo Memsabu, akikunja nguo za mtoto, alimgeukia akamwuliza: "Wewe Yaya, fikiri nini? Sisi kwenda wapi?" Yaya akamweleza habari ya ndama na maksai. Memsabu akacheka, akaenda sebuleni, na tulivyoambiwa ni kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomshinda Bwana. Kijiji kidogo, mwisho wa Januari. Sijawahi kumwona mtu amejaa furaha namna ile. "Wamenisikiliza mimi," alisema, akarudia, halafu akakaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa akatazama chini, kama bibi harusi.

Kambi ilimwandaa. Mume wangu alimpa koti zito alilorudi nalo kutoka vitani. Mke wa karani alimpa soksi. Katekista alimwombea tena, safari hii kwa jina. Wanawake walimwagiza mambo ya ajabu, mmoja alitaka aonjeshwe theluji yenyewe, iletwe kwenye chupa. Yaya alikataa kuahidi. Alisema hawezi kuahidi asichokiweza, na tukazidi kumheshimu. Siku ya safari alipanda gari la Bwana, kiti cha nyuma, mtoto mapajani, koti limekunjwa pembeni. Tulisimama barabarani tukapunga mikono mpaka vumbi likatulia.

Februari hiyo shangazi wa mume wangu alifariki Didia, upande wa Shinyanga. Mume wangu alipewa ruhusa, tukaenda kuzika, na wakati wa kurudi alipitia Samuye kumpelekea mtu mfuko wa mbegu. Lori lilisimama kando ya shamba la pamba. Watu walikuwa wanapalilia, wamepanga mstari, na wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, mgongo umeinama kwa jembe. Alipoinuka kujinyoosha nikamjua kwa ule mgongo, kabla ya uso.

Nilikuwa karibu kama hapa na mlangoni. Alinitazama. Nilifungua mdomo niite, yeye akawahi.

"Mwadila, mayu," akasema. Ndivyo Wasukuma tunavyomwamkia mchana mwanamke usiyemfahamu, mpita njia.

"Mwadila," nikaitikia.

Akainama akaendelea kupalilia. Nilirudi ndani ya lori, nimeinamisha kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyekutwa. Mume wangu alikuwa upande wa pili anashusha mfuko, hakuona kitu. Njia nzima aliniuliza kama naumwa, nikasema ni msiba.

Kilichotokea alikuja kunieleza mwenyewe baada ya miaka, na nakieleza hapa ili asihukumiwe vibaya. Hakuna aliyemdanganya. Memsabu alisema sisi, na alipouliza, aliuliza sisi kwenda wapi. Kwa Memsabu sisi ilikuwa watu watatu. Kiswahili chetu kina sisi moja tu, ya kumtia ndani unayezungumza naye na ya kumwacha nje, na Yaya, aliyeshinda na kulala katika nyumba ile, hakuona sababu ya kujiacha nje. Alijua ukweli jioni ya kuamkia safari, Memsabu alipompa mkono wa kwaheri na kumwambia likizo njema na yeye pia, watamshusha Mwanza apande treni ya kwao. Wakati huo koti lilikuwa limekwisha kutolewa, maombi yamekwisha kuombwa. Angetoka usiku ule kutuambia nini? Asubuhi alipanda gari na kutupungia.

Bwana na Memsabu walirudi wawili tu. Mtoto walimwacha kwa bibi yake huko huko, asome. Kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kusema Yaya hakuwapo. Mpishi wao alijua, nadhani, lakini alikuwa mtu wa kufunga mdomo hata ukimwuliza kama mchuzi umekolea. Yaya naye akarudi, gauni jeupe, koti la mume wangu limekunjwa vizuri. Lilinuka moshi wa mavi ya ng'ombe. Nilililoweka kabla mume wangu hajalishika.

Bombani walimngoja kwa hamu. Alisimulia kidogo kidogo, akitumia picha za vile vitabu: miti imebeba weupe, farasi wanatoa moshi puani. Alisimulia vibaya. Yeye aliyekuwa akisema jambo linasimama, sasa alikuwa anatazama ndoo. Ndipo mke wa karani akamshika mikono, akaigeuza viganja juu.

"Mbona una malengelenge, Yaya? Na uso umeungua hivi. Huko Ulaya ulipewa shamba?"

Watu walicheka, lakini walinyamaza upesi wakingoja jibu. Yaya alifungua mdomo. Nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Sikuweza kuvumilia.

"Ninyi hamsikilizi," nikasema. "Si alitueleza tangu mwanzo? Jua likipiga theluji linaunguza kuliko la huku. Na wanaoteleza wanashika fimbo mbili, kutwa nzima. Fimbo ndiyo hiyo mikononi. Siyo, Yaya?"

Alinigeukia. Sijasahau alivyonitazama.

"Fimbo," akasema. "Ndiyo."

Mke wa karani akaachia mikono, na watu wakaanza kuuliza habari za fimbo. Mimi nilikwenda nyumbani nimefurahi, nikijiona nimemwokoa. Lakini tangu siku hiyo Yaya hakuja bombani mimi nikiwapo. Wanawake wakigombana na kutaka shahidi, alisema hakuona. Nikimwamkia aliitikia akitazama pembeni. Kabla ya mavuno aliacha kazi akaenda zake, na kambi ikasema ni huzuni ya mtoto.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha nilipomwona mara ya mwisho. Nilikwenda Didia kwenye ndoa, nikasikia kwamba yuko hapo hapo kijijini, kwa mtoto wa kaka yake, anaumwa. Nilikwenda nikijikaza. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mfupa mtupu, lakini kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Shikamoo, Yaya."

"Marahaba, Mama Kulwa. Kaa."

Alinieleza habari ya sisi, polepole, akipumzika kati ya maneno. Halafu akaniuliza, "Uliniona Samuye?"

"Nilikuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Ya nani?"

"Yako, Yaya. Sikutaka uaibike."

Akafumba macho.

"Siku ile bombani," akasema, "nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilimwona yule wa karani ananishika mikono, nikasema moyoni, hapa hapa nitawaambia. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia. Wewe ukaniletea fimbo." Akapumzika. "Wale niliwadanganya, ningewaomba radhi. Wewe ulijua na ukadanganya pamoja nami. Kila nikikuona naona waongo wawili. Sikuhama kwa sababu ya mtoto. Nilihama kwa sababu yako."

Uso uliniwaka moto, mtu mzima na wajukuu zangu, nikawa natazama vidole vyangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejihesabu katika watu waliomtendea wema.

Mke wa mtoto wa kaka yake akaingia na bakuli la uji. Alikuwa mchangamfu, akaniamkia kwa kupiga goti, akasema, "Amekusimulia Ulaya, mama? Wageni wote wanaokuja tunawaambia, huyu shangazi yetu amefika Ulaya, amekanyaga theluji. Hata kanisani wanajua."

Nilimtazama Yaya. Alikuwa ananitazama.

"Weka uji chini, ukae," alimwambia yule mwanamke. "Huyu atakueleza nilikokuwa. Alinikuta."

Yule mwanamke akakaa sakafuni, mikono mapajani, uso umejaa kicheko, akingoja kusimuliwa.

"Alikuwa Samuye," nikasema. "Shangazi yako alikuwa Samuye. Anapalilia pamba."

Kile kicheko kilikaa usoni kwa yule mwanamke kikingoja niseme ninatania. Kilipoanza kumtoka aligeuka kumtazama shangazi yake, na Yaya akageuza kichwa akatazama ukuta. Nikanyoosha mkono kuchukua bakuli la uji.

"Endelea," Yaya akasema, akiwa ameelekea ukutani. "Mweleze na wewe ulisema nini bombani."